Kwa nini duka linamtaka mteja awe na kadi: jibu kwa msomaji wa Wete

Swali limetoka kwa msomaji wetu wa Wete, Pemba, mwanamke mwenye duka la vyakula, naye ameandika hivi:

«Assalamu alaykum, Mwalimu. Mwaka jana nilikwenda Canada kumhudumia wifi yangu aliyejifungua. Siku moja kaka yangu alinipa kadi yake ya duka moja kubwa, niende na binti yake kununua nepi na maziwa. Tukajaza kigari, tukapanga foleni, na tulipofika kwenye malipo tukaambiwa kadi ina picha ya mtu mwengine, kwa hiyo hatuuziwi. Pesa ninazo mkononi, bidhaa ziko mbele yangu, nakataliwa. Kaka akanieleza kwamba kila mwaka analipa ada ili aruhusiwe kununua pale. Nilipomsimulia mama, yeye akakumbuka siku za mgao. Naomba unieleze: ni biashara gani hii ya kumtoza mteja kabla hajanunua? Ni halali? Na mwanangu ananishawishi tuanze kadi dukani kwangu, nimsikilize?»

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Pole kwa yaliyokufika. Mtu mzima kurudishwa na kigari kilichojaa, mbele ya mtoto wa kaka yake, ni jambo linalouma. Nimefanya kazi ya hesabu za maduka ya jumla hapa Unguja kwa zaidi ya miaka 20, na swali hili nimewahi kuulizwa na wanunuzi wengi, lakini ni mara chache kuulizwa na mtu ambaye mwenyewe anauza. Kwa hiyo nitakujibu kama anavyojibiwa mfanyabiashara, yaani kwa hesabu.

Nianzie pale pale kwenye malipo. Duka lile lilikataa kukuuzia kwa sababu faida yake kubwa haimo katika nepi wala katika maziwa uliyoyabeba, bali imo katika ile ada aliyoilipa kaka yako. Duka lenyewe hukulitaja, na si lazima ulitaje, lakini mfano ulio wazi zaidi wa biashara ya aina hiyo ni Costco ya Marekani, kwa kuwa hesabu zake hutangazwa hadharani kila mwaka. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Septemba 1, 2024, mauzo ya bidhaa yalikaribia dola bilioni 250, na ada za wanachama zilikuwa dola bilioni 4.8. Ukizitazama kwa haraka utaona ada hizo ni kitu kidogo, kwani hazifiki dola mbili kwa kila dola mia za mauzo. Lakini faida ya uendeshaji ya mwaka ule, kabla ya kodi, ilikuwa kama dola bilioni 9.3, maana yake ada peke yake zinalingana na zaidi ya nusu ya faida hiyo. Nyama yote ile, mafuta, televisheni na matairi ya gari, baada ya kulipia mishahara, umeme na usafirishaji, vilibakisha kiasi kisichofikia kile kilicholetwa na kadi.

Sasa tazama duka lako. Unaponunua polo la mchele wa mapembe kwa muuzaji wa jumla, unaongeza juu yake nauli ya kulifikisha dukani, sehemu ya kodi ya duka, umeme wa friji, posho ya kijana anayekusaidia na mchele unaomwagika wakati wa kupima, kisha unaongeza na chako cha kupeleka nyumbani. Vyote hivyo vinaingia ndani ya bei ya kilo moja, na mteja huvilipa kwa pamoja bila ya kuviona. Duka la kadi limevitenganisha: gharama za kuendesha duka zimebaki ndani ya bei, na sehemu kubwa ya chake cha kupeleka nyumbani imetolewa nje ya bei, ikawekwa katika ada, ikalipwa mara moja kwa mwaka, tena mapema. Hii ndiyo siri yote, na mengine nitakayoyaeleza ni matawi yake.

Tawi la kwanza ni bei. Costco imejiwekea mpaka kwamba haiongezi zaidi ya asilimia 14 juu ya bei ya kununulia, au asilimia 15 kwa bidhaa zenye chapa yake yenyewe, wakati maduka makubwa ya kawaida mara nyingi huongeza robo ya bei na zaidi. Mwenye duka wa kawaida akipata nafasi ya kupandisha, kila shilingi aliyoipandisha ni yake. Mwenye duka la kadi akipandisha anahatarisha kile kinachomlisha, kwa sababu mwanachama atakayeona hapati nafuu hatalipa ada ya mwaka ujao. Ndiyo maana kipimo wanachokitazama kwa wasiwasi kuliko vyote ni wangapi wamerudi kulipa, na kwa Costco ni karibu wanachama tisa katika kila kumi.

Tawi la pili ni uchache wa bidhaa. Duka kubwa la kawaida la Marekani huwa na aina 30,000 za bidhaa au zaidi. Duka la kadi huwa na kama 4,000. Hapo lazima uliona mwenyewe kwamba hukuwekewa aina kumi za nepi uchague; ziliwekwa mbili au tatu, katika maboksi makubwa, zimepangwa juu ya mbao zile zile zilizoteremka nazo kutoka kwenye lori. Anayenunua aina chache hununua nyingi za kila aina, na anayenunua nyingi husikilizwa na kiwanda. Mzigo nao hutoka haraka, mara nyingi kabla duka halijamlipa aliyeuleta, kwa hiyo pesa za kuendeshea biashara zinatoka kwa wenye viwanda na kwa wanachama, na haja ya kukopa benki inapungua. Wewe unayejua uzito wa kungojea mzigo uishe ndipo ukalipe deni la jumla, utaona mara moja faida ya jambo hilo.

Na tawi la tatu ni hilo lililokukuta. Ikiwa faida imo katika ada, basi kadi iliyoazimwa ni faida iliyotoka mlangoni bila ya kulipiwa. Kaka yako akimwazima kadi dada yake, jirani yake na mfanyakazi mwenzake, watu wanne wanapata bei ya mwanachama na mmoja tu ndiye aliyelipa. Kwa miaka mingi maduka hayo yaliliangalia jambo hilo kwa jicho la huruma, kisha yakaanza kukaza. Kuanzia 2023 Costco ilianza kuwataka wanunuzi waoneshe kadi yenye picha kwenye mashine za kujilipia wenyewe, na mwaka uliofuata ikaanza kuweka milangoni vifaa vya kusoma kadi. Kwa kawaida mwanachama huruhusiwa kuongeza mtu mmoja wa nyumbani kwake akapata kadi yake mwenyewe bila ya malipo zaidi, na huruhusiwa kuingia na wageni, ila malipo hufanywa na mwenye kadi. Ungekwenda naye kaka yako mwenyewe pengine usingeulizwa neno.

Hapa nikuombe umfikishie mama salamu zangu na umweleze tofauti ya jambo hili na mgao. Wazee wetu wanaoikumbuka miaka ya mwanzo ya 1970, siku za foleni za mchele, sukari na unga, wanakumbuka utaratibu uliowekwa kwa sababu bidhaa zilikuwa chache, na lengo lake lilikuwa kila nyumba ipate kidogo na isizidishe. Kadi ya duka inatoka upande wa pili kabisa. Bidhaa zimejaa hadi kwenye dari, na mwenye kadi anahimizwa achukue nyingi kadiri awezavyo. Kinachofanana ni ile hali ya kusimama mbele ya chakula na pesa mkononi ukaambiwa hupewi, na kwa aliyeipitia hali ile sishangai kwamba kumbukumbu ilirudi.

Mtindo huu una mwenyewe, na historia yake ina somo kwako kama mwenye duka. Mwaka 1948 wafanyakazi wa posta mjini Los Angeles walianzisha duka la wanachama lililoitwa Fedco, na mwaka 1954 wakili mmoja wa San Diego, Sol Price, akaiga akafungua FedMart kwa ajili ya wafanyakazi wa serikali. Zama hizo sheria katika majimbo mengi ya Marekani zilimruhusu mwenye kiwanda kupanga bei ambayo muuza rejareja hatakiwi kuuza chini yake, na duka lililojitambulisha kwamba halikufunguliwa kwa kila mtu, bali ni mkusanyiko wa wanachama wake, lilipata upenyo wa kuuza rahisi. Kwa hiyo mwanzoni kadi ilikuwa pia ni ngao ya kisheria. Sheria hizo zilikuja kuondolewa mwaka 1975, na ungetarajia kadi nazo zife. Hazikufa. Mwaka 1976 Price na mwanawe Robert walifungua Price Club ndani ya jengo lililokuwa la ndege, mjini San Diego, na wateja waliowakusudia walikuwa wenye mikahawa na wenye maduka madogo, kila mmoja akilipa dola 25 kwa mwaka. Nataka uliweke akilini hilo: duka la kadi la aina hii lilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe, anayenunua ili akauze. Mwaka wa kwanza walipata hasara kubwa, kwa sababu wenye maduka peke yao hawakutosha, wakafungua mlango pia kwa wafanyakazi wa serikali na kwa wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, watu wenye mshahara wa uhakika. Mwaka 1983 Jim Sinegal, aliyeanza kazi kwa Price akiwa kijana wa kuteremsha mizigo, alifungua Costco mjini Seattle pamoja na Jeffrey Brotman, na mwaka huo huo Sam Walton wa Walmart akafungua Sam's Club huko Oklahoma. Costco na Price Club ziliungana mwaka 1993.

Ujerumani nako, tangu 1964, kampuni ya maduka ya jumla ya Metro ilikuwa ikitoa kadi kwa wafanyabiashara peke yao, kwa kuwa duka la jumla lilikuwa na masharti yake ya kisheria na la rejareja lina yake. Hao hawakutafuta ada. Walitaka kuthibitisha kwamba aliyeingia ni mfanyabiashara kweli.

Kuhusu uhalali, umeuliza kama Muislamu na nitakujibu nikijua mpaka wangu, kwani mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu na fatwa zina wenyewe. Ninalolijua ni kwamba mwaka 2006 Baraza la Fiqhi lililo chini ya Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao chake cha Makka, lilizungumzia kadi za punguzo, likaamua kwamba zile zinazonunuliwa au kulipiwa ada ya mwaka hazifai kwa kuwa zina gharar, yaani mtu anatoa mali iliyo wazi kwa kupata kitu kisichojulikana kiasi chake, na zile zinazotolewa bure zinafaa. Ikiwa hukumu hiyo inalikamata pia duka linalouza bidhaa zake lenyewe, ambalo ada ni sharti la kuingia, ni suala la kumpelekea sheikh unayemwamini. Na utakapompelekea, mpe maelezo kamili, kwa sababu jibu zuri hutegemea sura ya mambo ilivyoelezwa. Mwambie kwamba ada inajulikana, muda wake unajulikana, bei za bidhaa zinaonekana kabla ya kununua, na kwamba baadhi ya maduka hayo, Costco ikiwemo, huahidi kumrejeshea ada yote mwanachama asiyeridhika wakati wowote. Mwambie pia kwamba nafuu atakayoipata mtu haijulikani mpaka mwaka umalizike, maana hilo ndilo lenye utata.

Kwa upande wa hesabu tupu, kama kaka yako anapata au anapoteza, jambo hili halihitaji ubishi. Ada ya kawaida ya Costco Marekani tangu Septemba 2024 ni dola 65 kwa mwaka. Tuseme bidhaa anazozihitaji kweli anazipata pale kwa nafuu ya dola kumi katika kila mia. Basi atairejesha ada akishanunua vitu vya dola 650, na kila anachonunua baada ya hapo ni nafuu yake. Nyumba yenye mtoto mchanga, kwa nepi na maziwa peke yake, haitachukua muda mrefu kufika. Kuna na kadi ya juu ya dola 130, ambayo humrejeshea mwanachama asilimia 2 ya manunuzi yake, na huyo anahitaji kununua vitu vya dola 3,250 kwa mwaka ili zile dola 65 za ziada zirudi. Mtu anayeishi peke yake katika chumba kimoja, asiye na gari wala friji kubwa, aachane nayo.

Lakini hesabu hizo zina neno moja zito, nalo ni lile «anazozihitaji kweli». Nilipokwenda kumtembelea jamaa yangu Uingereza, nilifungua kabati la jikoni kutafuta chumvi, nikakuta nyuma ya kopo la chai chupa sita za mchuzi wa nyanya, bado zimefungwa kwa ile plastiki ya pamoja, na tarehe zake zimepita kwa miezi minne. Nilipomuuliza akasema zilikuwa rahisi. Ndivyo ada inavyofanya kazi moyoni mwa mtu: aliyekwisha kuilipa huhisi kwamba kila wiki asiyokwenda ni hasara, akenda, na akifika hanunui kopo moja. Maduka hayo yanalijua hilo vizuri, na simlaumu mwenye duka kwa kulijua, lakini mnunuzi naye alijue.

Mpaka hapa nimezungumzia kadi ya kulipia. Iliyoenea zaidi duniani ni ile ya bure, ya pointi, na hiyo ndiyo ninayodhani mwanao anaifikiria. Mfano wake mkubwa ni Clubcard ya Tesco ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1995. Hapo mteja halipi ada, ila kila anaponunua kadi inaandika: nani, lini, nini, kiasi gani. Baada ya miezi michache duka linajua nani ana mtoto mchanga, nani ameacha kununua nyama, nani anakuja siku ya mshahara tu. Kuanzia 2019 Tesco ikaanza kuweka bei mbili kwenye rafu moja, ya mwenye kadi na ya asiye nayo, na maduka mengine yakafuata. Watu walilalamika kwamba bei ya asiye na kadi imepandishwa kusudi ili nyengine ionekane rahisi, mpaka mamlaka ya ushindani ya nchi ile ikachunguza bei za bidhaa kama 50,000, na Novemba 2024 ikatangaza kwamba asilimia 92 ya bei za wenye kadi zilikuwa ni nafuu ya kweli zikilinganishwa na bei ya kawaida ya duka lile lile. Ikaongeza pia kwamba bei ya mwenye kadi si lazima iwe ndogo kuliko ya duka jengine, na nyongeza hiyo ndiyo ninayowasomea watu kila mara.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa na kadi ya pointi ya duka moja la kisasa hapa mjini. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa nikipita pale na kuacha kununua Darajani, nikizikusanya pointi kwa ajili ya kununua pasi ya umeme. Siku niliyokwenda kuichukua niliambiwa pointi za mwaka wa nyuma zimekwisha muda, na sharti hilo limeandikwa kwenye fomu niliyotia saini. Niliumia, si kwa pasi, bali kwa kuwa nilikuwa nimeshasahau bei za pengine. Pointi ni deni ambalo duka linadaiwa na mteja, na ni deni la ajabu, kwa sababu mdaiwa ndiye anayepanga litakufa lini; na duka likifungwa mteja hana pa kulidai.

Sasa tuje kwako. Kabla ya kutengeneza kadi, lifungue daftari lako la mikopo ulitazame kwa macho mapya. Nimekaa na wenye maduka wengi, Mlandege na Mkunazini, nikipitia madaftari hayo ukurasa kwa ukurasa: jalada limelowa mafuta ya taa, kalamu imefungwa kwa uzi, na ndani yake hakuna jina kamili hata moja. Mumeandikwa «Mama Asha, sukari nusu, sabuni 1». «Fundi baiskeli, unga 2, atalipa Ijumaa». Na pembeni mwa jina la tatu alama ya msalaba, yaani huyu asikopeshwe tena. Mwenye duka yule anajua ni nani ameongezewa mgeni nyumbani, kwa sababu mkate umetoka mmoja ukawa miwili. Maduka makubwa ya Ulaya yametumia mabilioni kupata kwa mashine kile ulicho nacho wewe kwa kuishi na watu. Kwa hiyo kadi ya pointi haitakupa habari mpya. Itakupa gharama ya kuchapisha, na deni la zawadi ambalo utalilipa kutoka kwenye faida ambayo tayari ni nyembamba.

Kadi ya kulipia nayo hairuhusiwi na maisha ya wateja wako, na hapa usidhani kikwazo ni udogo wa kisiwa. Barbados haifikii watu laki tatu, Aruba ina watu kama laki moja, na visiwa vyote viwili vina maduka ya kadi ya PriceSmart, kampuni iliyotokana na biashara hiyo hiyo ya akina Price. Pemba, kwa sensa ya 2022, ina zaidi ya watu laki tano. Kikwazo ni namna pesa zinavyoingia mikononi. Mteja wako anakuja asubuhi kwa robo ya sukari na majani ya chai, mchana kwa mafuta ya kupima, magharibi kwa unga. Anajua fika kwamba angenunua polo zima kilo ingemtoka kwa bei ndogo, lakini alichopata leo baharini au kwenye kibarua ni cha leo. Duka la kadi linamnufaisha mwenye mshahara wa mwezi, gari la kubebea na pahala pa kuweka, na anayenunua kidogo kidogo hubaki akilipa bei kubwa. Jambo hili linanisumbua tangu nilipoanza kazi hii, kwamba mwenye kidogo ndiye anayeuziwa ghali, na sioni kadi ikilipunguza.

Ipo lakini njia kongwe kuliko Costco na Tesco, nayo ndiyo ninayokushauri umweleze mwanao. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale, Uingereza, mafundi na wafumaji 28 walichanga pauni moja moja, tena wengine kwa kulipa kidogo kidogo, wakafungua duka la unga, siagi, sukari na mishumaa, na faida iliyobaki wakaigawana kwa kadiri kila mmoja alivyonunua. Uanachama wao ulikuwa ni umiliki. Sisi tunao upatu, kwa hiyo nusu ya utaratibu huo wanawake wa Wete wanaujua kwa moyo.

Chukua bidhaa moja tu, mchele, na wakati mmoja tu, yaani kabla ya Ramadhani, au msimu wa karafuu ambapo nyumba nyingi hushika pesa za pamoja. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, polo la kilo 50 hukufikia dukani kwa shilingi 125,000 pamoja na nauli, yaani shilingi 2,500 kwa kilo, nawe huuza rejareja 2,900. Wateja 30 wakikuwekea fedha kidogo kidogo kila wiki kuanzia Rajabu, kila mmoja kwa kilo 20, utanunua mapolo 12 kwa fedha zao na kuwauzia kwa 2,600. Kila mmoja ameokoa shilingi 6,000, nawe umepata shilingi 60,000. Kwa bei ya rejareja kilo hizo 600 zingekupa 240,000, hilo silifichi, lakini zingekuchukua wiki nyingi, na ndani yake mungekuwa na mikopo, mchele uliomwagika na riba ya deni la jumla. Ukiagiza mapolo 12 kwa mkupuo, zungumza pia na muuzaji wa jumla akupunguzie. Punguzo hilo, likipatikana, ligawane na wanachama kwa kiwango mlichokubaliana mapema. Usiwatoze ada, ili usije ukaingia katika lile suala la gharar kwa jambo dogo.

Kadi iwe kipande cha karatasi ngumu chenye jina analojulikana mtu mtaani, tarehe na kiasi alichoweka, nawe ubaki na nakala yake kwenye daftari, kila malipo mkitia saini wote wawili. Nambari ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi usiiombe, kwa kuwa huna kazi nayo. Tanzania hivi sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka anayekusanya habari za watu achukue zile tu anazozihitaji na aseme ni za nini. Fedha zao zikae mbali na droo ya mauzo, kwenye akaunti au kisanduku chenye funguo mbili, moja yako na moja ya mwanachama waliyemchagua wenyewe. Na mchele ukifika, polo la kwanza lifunguliwe mbele ya wote, lipimwe upya kwenye mzani wako, na upungufu wowote uandikwe daftarini kabla ya mtu yeyote hajapewa chake.